YASUKE WA MSUMBIJI: BAINA YA UPANGA WA SAMURAI NA HILA ZA SHINOBI

Ni nadra kuikuta kambi ambayo vijana wake hawajapata kutazama sinema za ninja. Mtu amejifunika nguo nyeusi gubigubi, anaruka kuta kama paka, anarusha nyota za chuma, kisha anatoweka katika moshi. Sinema ikimalizika mabishano huanza. Mmoja husema ninjutsu imeishinda karate. Wa pili hushikilia judo. Wa tatu huapa kwamba upanga wa samurai hauna mfano wake duniani. Wachache mno wajuao kwamba katika miaka ile ile ambayo sanaa hizo zilipimana katika vita vya kweli, alikuwako huko Japani mtu mweusi aliyeandikwa kuwa ametoka Msumbiji. Jina alilopewa huko ni Yasuke. Maisha yake yana mengi ya kumfaa askari wa jeshi na askari polisi, na zaidi yule alindaye pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado.

ASILI YAKE

Aliyeihusisha asili ya Yasuke na Msumbiji ni François Solier, padre Mjesuiti wa Ufaransa, katika historia yake ya Ukristo wa Japani iliyopigwa chapa mwaka 1627. Padre huyo hakutaja kijiji chake; basi pwani nzima, tangu Angoche hata mlango wa mto Ruvuma, ina haki ya kumwita ndugu. Kwa upande wa Wajapani, Ōta Gyūichi, aliyekuwa mtumishi wa jemadari Oda Nobunaga na mwandishi wa habari za bwana wake, alimkadiria kuwa mtu wa miaka 26 au 27 katika mwaka 1581. Hivyo alizaliwa yapata mwaka 1555.

Pwani yetu ya wakati huo haikuwa na utulivu. Mreno alikuwa amejikita katika Kisiwa cha Msumbiji tangu mwaka 1507, na mwaka 1558 akaanza kuijenga ngome ya São Sebastião. Katika miaka ya 1520 alikwisha kuuchoma moto mji wa Kirimba, uliokuwa wa wafanyabiashara Waislamu. Mtoto aliyezaliwa katika pwani hiyo alikua baina ya jahazi na mizinga, akijua mapema kwamba mgeni akitia nanga huenda amekuja kununua nguo na pembe, au huenda amekuja kuteka watu.

Wenyeji nao walikuwa na elimu yao ya vita. Walikuwa na upinde na mshale, mkuki na ngao, rungu na fimbo. Hata leo katika miji ya Waswahili upande wa kaskazini, kama vile Lamu, huchezwa kirumbizi: watu wawili hukabiliana kwa fimbo, ngoma na zumari zikilia, kila mmoja akitafuta mwanya katika ulinzi wa mwenzake. Mchezo huo umetulia siku hizi, lakini aujuaye hatua zake amejifunza macho, miguu na subira, nayo ni mambo yale yale anayofundishwa mshika upanga wa Japani.

Hila ya usiku nayo haikuwa ngeni kwetu. João dos Santos, padre Mreno aliyekaa katika kisiwa cha Kirimba mwanzoni mwa miaka ya 1590, aliandika jinsi Wazimba walivyouteka mji wa Kilwa miaka michache kabla ya hapo. Mji ulikuwa kisiwani, nao Wazimba hawakuweza kuuingia. Ndipo mwenyeji mmoja alipokwenda kwao kwa siri, akawaonyesha kivuko ambacho maji yakikupwa mtu aweza kukipita kwa miguu. Wakaingia usiku, mji umelala. Msaliti yule hakupata tuzo aliyoitumaini, kwa kuwa mkuu wa Wazimba aliamuru atoswe baharini, akiona kwamba aliyewauza watu wake hawezi kuwa mwaminifu kwa wengine. Kuta na bahari havikuwafaa watu wa Kilwa siku ile mtu mmoja mwenye kuyajua maji alipokuwa upande wa adui.

SAFARI YA MASHARIKI

Mtu aliyempeleka Yasuke hadi Japani alikuwa Alessandro Valignano, Mtaliano, mkaguzi mkuu wa mapadre Wajesuiti katika nchi za mashariki. Valignano aliondoka Lisbon mwaka 1574, akatua Kisiwa cha Msumbiji, akafika Goa katika Bara Hindi mwezi Septemba mwaka huo huo. Baada ya kukaa Bara Hindi na Macau aliingia Japani mwezi Julai 1579, akashuka katika bandari ya Kuchinotsu, kisiwa cha Kyushu.

Nchi waliyoikuta ilikuwa imeungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1467. Kila bwana alikuwa na ngome yake na jeshi lake. Valignano aliwaamuru mapadre wake wajifunze lugha ya nchi na adabu zake, maana aliona kuwa mgeni asiyejua kuketi, kula na kusalimu kama wenyeji hatasikilizwa. Yasuke hakuwa padre, ila yaonekana amri hiyo ilimfaa yeye kuliko wengi wao, kwani hata alipofika mbele ya wakubwa aliweza kuzungumza Kijapani kwa kiasi. Mtumishi asiye na mali wala jamaa ugenini alikuwa amejipatia silaha ya kwanza ya askari katika nchi ya watu, nayo ni lugha.

MBELE YA NOBUNAGA

Mwezi Machi 1581 msafara wa Valignano ulifika Kyoto, mji wa mfalme. Habari za mtu mweusi mrefu zilienea upesi. Watu walisongamana mbele ya nyumba ya mapadre kutaka kumwona, mawe yakatupwa, na wengine wakaumia katika msukumano. Kelele zikafika masikioni mwa Oda Nobunaga, jemadari aliyekuwa na nguvu kuliko wote nchini, akaagiza mgeni huyo aletwe kwake tarehe 27 Machi.

Nobunaga hakusadiki kuwa weusi ule ni wa kuzaliwa, akaamuru avue nguo hadi kiunoni ili aone kwa macho yake. Barua za mapadre zasema kwamba jemadari alipendezwa naye sana, akazungumza naye mara kwa mara, na mpwa wake akamtunuku fedha nyingi. Ōta Gyūichi aliandika kuwa alikuwa mtu mwenye afya, wa sura njema, na nguvu zake zikazidi za watu kumi. Katika nakala moja ya kitabu chake imeandikwa kwamba alipewa jina la Yasuke, nyumba ya kukaa, posho na upanga mfupi, na kwamba mara nyingine alichukua silaha za bwana wake. Wanahistoria wanabishana kama anastahili kuitwa samurai hasa. Hata hivyo askari ajua maana ya mkubwa kumkabidhi mtu silaha zake: huo ni uaminifu usiogawiwa ovyo.

Mwaka uliofuata alimfuata Nobunaga katika safari ya mkoa wa Kai, baada ya ukoo wa Takeda kuvunjwa. Walipokuwa njiani kurejea, samurai mmoja wa Tokugawa Ieyasu, aitwaye Matsudaira Ietada, alimwona na kumwandika katika shajara yake, jina lake, rangi yake na kimo chake. Kipimo alichokitaja ni sawa na kiasi cha sentimita 188, katika nchi ambayo wanaume wengi wa wakati ule hawakufika 165.

SANAA MBILI ZISIZOFANANA

Sasa tuyarudie mabishano ya kambini. Yasuke aliishi miongoni mwa samurai, na sanaa za samurai zilikuwa upanga, mkuki, upinde na kupanda farasi. Ilikuwapo pia jujutsu, yaani ufundi wa kumkamata, kumwangusha na kumfunga adui aliyevaa deraya. Shule yake moja mashuhuri, Takenouchi, ilianza mwaka 1532. Tangu mwaka 1543 Wareno walikuwa wameleta bunduki za utambi, na katika vita vya Nagashino mwaka 1575 Nobunaga alionyesha jinsi askari wa miguu wenye bunduki, wamesimama nyuma ya uzio, wawezavyo kuvunja mbio za wapanda farasi. Ama karate na judo, hizo hazikuwapo katika vita hivyo. Judo iliasisiwa na Kano Jigoro mwaka 1882 kutokana na jujutsu, na karate ni sanaa ya visiwa vya Okinawa iliyoanza kujulikana Tokyo mwaka 1922.

Ninjutsu ni jambo la namna nyingine kabisa. Watendaji wake waliitwa shinobi, na ufundi wao mkubwa haukuwa kupiga. Kazi ya shinobi ilikuwa kuingia asipotakiwa, kuona, kuhesabu, kukumbuka, na zaidi ya yote kurudi. Samurai alitaja jina lake na la ukoo wake mbele ya adui. Shinobi alilificha jina lake. Samurai aliyekufa vizuri alisifiwa. Shinobi aliyekufa njiani alikuwa hasara tupu, kwa sababu habari alizozibeba zilikufa pamoja naye.

Vitabu vikubwa vya elimu hiyo viliandikwa baadaye, wakati wa amani, ili isipotee. Bansenshūkai, chenye juzuu 22, kiliandikwa mwaka 1676, na Shōninki mwaka 1681. Humo twaona njia mbili za kuingia kwa adui. Ya kwanza ni ya wazi: mtu huenda mchana kweupe kwa sura ya mwingine, awe mtawa, mchuuzi, mcheza ngoma au mtu wa kawaida. Ya pili ni ya siri, usiku, kwa kamba na kwa kuvizia. Yamo pia mambo ya hali ya hewa, nyota, moto na vyombo. Nguo nyeusi za sinema asili yake kubwa ni jukwaa la maigizo na picha za kuchapwa. Katika kazi yenyewe, vazi jema lilikuwa lile lisilotazamwa mara mbili na mtu yeyote. Nalo somo la mwanzo katika Bansenshūkai si la kuruka ukuta. Ni la unyofu wa moyo, maana ufundi wa kuingia nyumba ya mtu usiku, ukitengwa na uaminifu, ni wizi mtupu.

Kwa hiyo kuuliza kama ninjutsu hushinda karate au upanga ni sawa na kuuliza kama mpelelezi humshinda mpiga mizinga. Kila mmoja ana saa yake.

IGA YACHOMWA

Yasuke alipokuwa katika utumishi wa Nobunaga, sanaa hizi mbili zilikutana uso kwa uso. Iga lilikuwa bonde lililozungukwa na milima, kusini-mashariki ya Kyoto. Halikuwa na bwana mmoja. Koo ndogo ndogo zilijitawala kwa umoja wao, na sheria yao ilitaka kila mwanamume wa miaka 17 hadi 50 ashike silaha nchi ikivamiwa. Huko, na katika jirani yake Kōka, ndiko walikotoka shinobi waliosifika.

Mwaka 1579 mwana wa Nobunaga, Nobukatsu, aliivamia Iga bila ruhusa ya baba yake. Wenyeji walizijua njia zote, wakamngojea milimani, wakalivunja jeshi lake, na Nobunaga akamkemea mwanawe kwa ukali. Mwaka 1581, miezi michache baada ya Yasuke kuingia katika nyumba yake, Nobunaga alituma jeshi la zaidi ya watu 40,000, likaingia Iga kutoka pande kadhaa kwa mara moja. Hila za usiku hazikutosha kulizuia. Ngome zilianguka, mahekalu na vijiji vikateketezwa, watu wengi wakauawa, na waliosalimika wakakimbilia mikoa mingine.

Kwa hesabu ya siku ile, wingi na moto vilikuwa vimeshinda ufundi. Hesabu hiyo haikudumu hata mwaka mzima.

ALFAJIRI YA KYOTO

Tarehe 21 Juni 1582 Nobunaga alikuwa Kyoto, katika hekalu la Honnō-ji, akiwa na walinzi wachache tu. Majeshi yake yalikuwa mbali mipakani. Mmoja wa majemadari wake, Akechi Mitsuhide, aliyeamriwa kupeleka askari magharibi, aligeuza njia usiku na kulizingira hekalu alfajiri kwa jeshi linalosemwa kuwa la watu 13,000. Mtu aliyejua kuvunja ngome za wengine hakuwa na habari ya adui aliyelala chini ya bendera yake mwenyewe. Nobunaga alipigana kidogo, kisha akajiua hekalu likiwaka moto.

Padre Luís Fróis aliandika habari za Yasuke siku hiyo. Bwana wake alipokwisha kufa, hakukimbilia kwa mapadre, ijapokuwa nyumba yao ilikuwa karibu. Alikwenda kwa Nobutada, mwana mkubwa na mrithi wa Nobunaga, aliyekuwa amejitia katika jumba la Nijō, akapigana huko kwa muda mrefu. Nobutada naye alikufa. Mwishowe askari mmoja wa Akechi alimkaribia Yasuke, akamwambia asiogope, akamtaka upanga wake. Yasuke akautoa. Mitsuhide alipoulizwa afanyiwe nini, alijibu kwa dharau kwamba mtu huyo ni kama mnyama, hajui kitu, wala si Mjapani, basi asiuawe, akabidhiwe mapadre. Hapo ndipo habari zake zinapokoma katika maandishi. Utumishi wake kwa Nobunaga ulikuwa umedumu miezi kama 15.

Wako wanaomlaumu kwa kuutoa upanga. Wao husema kwamba mtu aliyefiwa na bwana wake hapaswi kuishi. Tuipime hali yenyewe. Bwana wake amekufa, mrithi wa bwana wake amekufa, jumba limetekwa, na hakuna amri iliyobaki ya kutekeleza. Alikuwa amekwisha kupigana pale alipoweza kutopigana. Kufa baada ya hapo kusingemwokoa yeyote. Elimu ya shinobi ingalimhukumu tofauti, kwa sababu kwayo askari aliye hai baada ya kazi kwisha bado ana faida. Nayo dharau ya Mitsuhide isitusumbue. Siku 11 tu baadaye alishindwa vitani na Hideyoshi, akauawa akikimbia. Aliyemwita mwenzake mnyama ndiye aliyemsaliti bwana wake. Aliyeitwa mnyama ndiye aliyekwenda kumpigania mrithi.

DENI LA IGA

Siku ile ile Tokugawa Ieyasu, mshirika wa Nobunaga, alikuwa Sakai na watu wachache, mbali na mkoa wake, adui akiwa kila upande. Njia iliyobaki ilikuwa kupita milima ya Iga, nchi iliyochomwa na mshirika wake mwaka uliotangulia. Mwenzake Anayama Baisetsu, aliyeshika njia yake peke yake, aliuawa na watu wa njiani. Ieyasu alipita salama. Pamoja naye alikuwako Hattori Hanzō, samurai hodari wa mkuki ambaye baba yake alitoka Iga, naye aliwaita watu wa Iga na Kōka wakamsindikiza bwana wake hadi pwani ya Ise, akapanda mashua na kufika kwao. Yasimuliwa kwamba Iga ilipochomwa, Ieyasu aliwapokea wakimbizi wake badala ya kuwachinja, na jamaa zao hawakusahau. Baadaye aliwaajiri watu wa Iga wapatao 200 chini ya Hanzō, na mwaka 1603 akawa mtawala wa Japani yote. Lango moja la ngome ya Edo, ambayo leo ni kasri ya mfalme mjini Tokyo, lingali linaitwa kwa jina la Hanzō.

FUNZO KWETU

Ndugu askari, habari hizi si za Japani peke yake. Katika mkoa huu wa Cabo Delgado risasi za kwanza za vita vya ukombozi zilipigwa Chai tarehe 25 Septemba 1964. Wapiganaji wale walikula chakula cha wanavijiji, wakaongozwa na wanavijiji katika njia za msituni, na Mreno mwenye ndege na magari ya deraya akapapasa gizani. Na mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na yalipoifikia Palma mwezi Machi 2021, tulijifunza kwa uchungu kwamba adui ajuaye vichochoro, mikoko na saa za kupwa na kujaa ana ushindi wa nusu kabla hajafyatua risasi.

Mvuvi wa Palma na mama auzaye samaki Mocímboa ndio waonao mashua ngeni kabla ya doria kuiona. Mtu huyo akipigwa kizuizini, akinyang'anywa simu yake au fedha zake, au akitukanwa kwa sababu ya lugha yake na dini yake, atafumba macho mashua ngeni ikipita usiku. Na pengine, kama yule wa Kilwa, ataonyesha kivuko. Akisalimiwa kwa Kimwani au Kiswahili chake, akasikilizwa, na siri yake ikatunzwa, atakuwa kwa jeshi na polisi kile ambacho watu wa Iga walikuwa kwa Ieyasu. Kila askari aliyepangiwa pwani hii hana budi kujifunza lugha yake, kama Yasuke alivyojifunza Kijapani.

Mazoezi ya mwili yaendelee: karate, judo, shabaha na mbio. Yanamjenga askari na kumpa moyo. Lakini kamanda wa kikosi anapopanga ratiba ya juma, atenge pia saa za lugha, za kusoma maji na nyayo, za kuandika taarifa iliyo sahihi, na za adabu mbele ya raia. Hizo ndizo saa ambazo shinobi wa kale angezitambua kuwa ni za sanaa yake.